Mkono Usiojua Ulipo

Mdogo wangu Chapchap,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani kwa mama. Mgongo wake unaendeleaje? Na wewe, unakula? Mimi ni mzima kwa kadiri ya mtu mwenye ugonjwa wa neva, yaani nasema sana kama kawaida, na kikombe nakishika kwa mikono miwili.

Juzi nilienda tena hospitali kupimwa mikono. Waliniambia nifumbe macho, wakaulaza mkono wa kulia mahali fulani mezani, nikatakiwa niupeleke wa kushoto usawa ule ule. Nilipofumbua macho, mikono ilikuwa imepishana shubiri nzima. Nikabisha kwamba wameusogeza wao. Daktari akacheka, akanieleza kuwa nguvu bado ninazo, ila habari za mkono hazifiki kichwani sawasawa, kwa hiyo nisipouangalia sijui uko wapi. Fikiria, mimi niliyekata suti miaka kumi na tisa, leo niuchunge mkono wangu mwenyewe kwa macho.

Na wewe, niliyekufundisha hata kushika mkasi, unakata kitambaa huku umemgeukia mteja mnapiga soga. Nitasema wazi: nilikuonea wivu, tena wivu wa kunikosesha usingizi. Wateja walipoanza kukuulizia, niliwajibu kwa tabasamu na moyoni nikakuombea ujidunge sindano. Bosi alipokupa meza yangu ya kukatia, akaniweka mimi mlangoni kupokea wageni, nilikupongeza mbele ya watu wote, kisha nikaenda chooni kulia.

Sasa nisikilize, maana hili nimelizunguka vya kutosha. Ile suti ya bwana harusi iliyokufukuzisha kazi, hukuiharibu wewe. Ulikuwa umeenda kununua uzi. Nilisimama kwenye ile meza, nikashika mkasi, nikageuza uso dirishani makusudi ili nikate kama unavyokata wewe. Wallahi nilihisi mkasi unafuata chaki. Nilipoangalia, mkasi ulikuwa umeshapasua kifua cha koti.

Bosi alipouliza, nilimwambia kitambaa kilikuwa mezani kwako. Ulinitazama, ukingoja dada yako akutetee, nami nikajifanya natafuta kalamu. Kosa la mkono nauachia ugonjwa. Ulimi wangu ulikuwa mzima.

Nimejaribu mara tatu kumwambia bosi, nikaishia kumsalimia. Basi mpelekee barua hii asome mwenyewe. Mwandiko wangu anaujua, hata huu uliopinda. Atanitoa kazini, na ana haki. Sitakudanganya kwamba nitafurahi kukuona umerudi kwenye meza ile. Nitaumia. Wewe rudi tu.

Mama msalimie sana, ila hii usimsomee mpaka nije nimwambie mwenyewe. Wasalimie na majirani wote wanaoniulizia.

Ni mimi, dada yako,
niliyekutangulia kuzaliwa na kukukosea.