Utingo wa Baba

Kaka yangu mpenzi,

Kwanza pokea salamu zangu, wewe na wifi na watoto. Hali zenu? Kifua cha wifi kimepona, au bado anakohoa na kusingizia vumbi? Sisi huku wazima. Baba mzima kabisa, anakula kuliko mimi. Mimi nami mzima, ila miguu tu. Hapa ninapoandika nimeitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi, kwa hiyo ukiona tone limefuta neno usidhani ni chozi. Ningepiga simu, lakini kwenye simu wewe huniachi nimalize, na safari hii lazima nimalize.

Nimepata ujumbe wako kwamba gari la kuazima limepatikana, na Jumamosi ijayo unakuja kumchukua Baba akaishi kwenu. Nakushukuru, najua umehangaika. Umefanya vile vile nilivyokuomba, na hilo ndilo linalonipa taabu kuandika. Nivumilie nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka Baba alivyoanguka bafuni, na nesi wa zahanati akatuambia sukari imepanda, presha imepanda, na dawa peke yake hazitamaliza kazi. Alisema Baba atembee kila siku mpaka jasho jembamba limtoke, na asitembee peke yake maana kizunguzungu bado kipo, ashikwe mkono. Alitueleza vizuri sana. Mtu anayetembea damu yake inafika mpaka ncha za vidole, misuli inaila ile sukari, moyo unazoea kazi, na usiku usingizi unakuja bila kubembelezwa. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwamba yeye ameendesha malori tangu ujana wake, na mtu aliyezoea matairi kumi na manane harudi kwenye mawili. Nesi hakucheka. Tangu siku ile Baba anamwita Trafiki, kwa sababu, anavyosema, alimsimamisha njiani akamwandikia kosa.

Basi kazi ikaniangukia mimi. Nani mwingine? Wewe uko mbali, na mimi tangu ndoa yangu ivunjike tunaishi wawili kwenye vyumba hivi viwili. Kazi yangu unaijua. Kwa dobi nasimama kutwa nyuma ya meza ya pasi, mvuke usoni, mashati ya watu wa ofisini yakining'inia juu ya kichwa changu. Jioni miguu imevimba hata viatu havivuliki. Nilimwambia nesi kwamba mimi kutembea sikuhitaji, nasimama vya kutosha. Akasema kusimama si kutembea, damu ya mtu wa kusimama inatuama huko huko chini, na matembezi yatanifaa mimi sawa na mzee. Nilitamani nimkabidhi ile pasi aishike yeye siku moja.

Na kutembea na Baba, Kaka, usifikiri ni kutembea kama watu wanavyotembea. Baba anaendesha. Kona ikikaribia, ananyoosha mkono kutoa ishara. Taa ikiwa nyekundu anasimama, hata kama barabara tupu na watu wote wanavuka wakitushangaa. Kwenye kipilefti hakati katikati, anazunguka kote. Na mtaa ambao magari huenda upande mmoja tu, yeye kuingia kinyume, ng'o! Hata kama mlango wetu tunauona pale mbele. Nimemwambia mpaka nimechoka kwamba hizo ni sheria za magari. Anasema leseni yake haikupata doa miaka yote ile na hataki kuchafuka uzeeni. Mimi ananiita utingo, yaani yule msaidizi wa lori anayeshuka kuweka jiwe nyuma ya tairi. Kwa hiyo tukipumzika mlimani ananiuliza, kwa sauti, kama jiwe nimeshaweka. Siku za kwanza nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Lakini lazima niseme kweli, mji tumeuona. Miaka yote niliyokaa hapa nilijua njia ya kazini na njia ya sokoni, basi. Baba naye aliupita mara nyingi, ila kwa juu, kupitia kioo cha lori. Sasa tunaujua mtaa wa magodoro, ambako wanayapanga nje mpaka njia inakwisha, na muuzaji mmoja mnene humlazimisha Baba ajilaze kidogo apime. Tunawajua mafundi simu wenye vimeza vidogo kuliko sinia. Tunalijua daraja la juu ya reli, ambapo Baba husimama kusubiri treni ili ailaumu kwa kuchelewa. Kila duka lina redio yake na kila redio ina wimbo wake, na pikipiki zinapita katikati ya yote hayo zikipiga honi. Mama muuza karanga wa pale darajani anamnyima Baba zile zenye sukari kabla sijafungua mdomo. Baba wanamwita Dereva. Mimi jina langu hakuna anayelijua, ni Utingo tu. Na sukari ikashuka, jamani. Mkanda wake ameutoboa tundu jipya kwa msumari.

Yeye akapona, mimi nikachakaa. Unatoka kazini huna hata hamu ya kuongea, unamkuta mtu mlangoni amefunga kamba za viatu anauliza mbona gari limechelewa. Kuna siku nilisinzia nimesimama kwenye taa.

Sasa ile siku yenyewe niliyokuomba uje ilikuwa hivi. Nilikuwa nimeunguza kola ya shati la mteja, tajiri wangu wa kazini akanisema mbele ya wenzangu wote. Jioni wingu lilikuwa limetanda. Tulipofika kwenye mtaa wa wachonga funguo, Baba akagoma, kwa sababu ile ni njia ya upande mmoja, na tungeingia kinyume. Nyumbani ni pale, upande wa pili tu. Matone yakaanza. Nikamfokea. Nilimfokea Baba yetu mbele ya wachonga funguo, nikamwambia yeye si lori, ni mzee mgonjwa, na mimi si utingo wa mtu. Tukazunguka kote kwenye mvua. Kufika tu, kabla hata sijavua nguo zilizolowa, nikakutumia ule ujumbe kwamba nimeshindwa, uje umchukue.

Ulipokubali, nikamwambia Baba kwamba ni wewe uliyetaka, kwamba umemkumbuka. Akasema sawa. Akavuta begi lake chini ya kitanda, akalipangusa vumbi. Jioni yake tulitoka kama kawaida, lakini hakutoa ishara hata moja. Kwenye taa nyekundu akavuka pamoja na watu. Na kwa wachonga funguo, Kaka, akaingia kinyume, moja kwa moja, hata kibao hakukitazama. Wachonga funguo wenyewe waliacha kazi wakamtazama. Tulifika nyumbani mapema kuliko siku zote. Niliingia jikoni nikalia, na jiko sikuwasha.

Juzi nikaenda zahanati kuchukua dawa zake za kusafiri nazo. Yule nesi akaniuliza mbona bado ananiona nimemshika mzee mkono. Akasema kizunguzungu kimekwisha zamani, na mwezi uliopita alimwambia Baba mwenyewe, wakiwa wawili ndani, kwamba sasa anaweza kwenda popote peke yake, asimchoshe binti yake. Mwezi uliopita! Kabla ya mvua, kabla ya kola. Na jioni zote hizo alikuwa akinikamata mkono kama mtu atakayeanguka.

Ulitegemea nikasirike, sivyo? Hata mimi nilitegemea. Lakini nami nina langu, na hili sijamwambia mtu. Jirani yetu fundi viatu alijitolea siku nyingi kumtembeza Baba jioni ili nipumzike. Nilimwambia Baba hataki. Kumbe Baba sikumwuliza hata kidogo. Kila siku ninalalamika, na kila siku ninaitazama saa ya pale kazini nikiomba muda uishe. Toka nibaki peke yangu, Kaka, saa ya matembezi ndiyo saa pekee ambayo kuna mtu ananisubiri. Nimechoka, wala sikatai, miguu hii hapa kwenye beseni. Lakini ukimwondoa Baba, nitarudi kutoka kazini nikakae na nani?

Jana nilimwambia. Tulikuwa kwenye taa. Nikamwambia ninayajua ya nesi, na kwamba si Kaka aliyetaka aondoke, ni mimi, na sasa sitaki tena. Akasema hilo la kwamba ni mimi alilijua tangu mwanzo, kwa sababu wewe tangu utoto hujawahi kuwa na wazo lako mwenyewe. Samahani, ni maneno yake, mimi nayafikisha tu. Taa ikawa ya kijani, hakwenda. Watu wakatupita. Mwishowe akanyoosha mkono wa kulia kutoa ishara, vizuri kabisa, kama zamani, halafu tukaenda mbele moja kwa moja. Maisha yangu yote sijawahi kumwona Baba akikosea ishara. Nami sikumsahihisha.

Kwa hiyo Jumamosi njoo, tunakungoja, njoo na wifi na watoto ukiweza. Begi limesharudi chini ya kitanda. Ila viatu vyako vya kung'aa viache huko, vaa vya raba, maana jioni lazima utembee nasi, na kwa tumbo lile nililoliona mwaka jana Trafiki atakuandikia kosa wewe pia. Nisalimie wote, mmoja mmoja. Naishia hapa, maana Baba amesimama mlangoni, kamba ameshafunga, anauliza kama utingo amelala.

Ni mimi mdogo wako,
Utingo