Sufuria ya Watoto wa Wenzetu

Nyumbani, tarehe 2 Februari

Kwa mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo na kwamba mgongo umepoa, maana barua iliyopita hukuutaja kabisa, na mimi nakujua, ukinyamaza kuna jambo. Huku sisi ni wazima. Goti langu linanisumbua asubuhi, ikifika mchana tunaelewana. Nakuandikia kwa sababu simu ya jirani ina masikio mengi. Nikikohoa kwenye simu ile, jioni naletewa dawa.

Sukari imefika. Mume wangu mdogo, yaani mwanao, akiuona tu ule mfuko anaanza kujilamba. Uji wake wa muhogo usipotiwa sukari siku hizi hautaki, anaukunjia uso kama hakimu. Nikitia, anamaliza bakuli na kulala.

Sasa sikiliza. Kuna mama mmoja hapa kijijini amepewa kazi na zahanati ya kupita nyumba kwa nyumba akiwapima watoto wadogo mikono kwa utepe wenye rangi. Tumempa jina la Mama Vipimo, na yeye ameshalizoea. Amekuta watoto wengi wamedhoofu, hasa kule bondeni. Basi wanawake wakakaa, wakaona wakisubiri msaada watasubiri sana. Wakakubaliana wakutane kila asubuhi, kila mmoja na alicho nacho, huyu kiganja cha maharage, yule karanga, mwingine majani ya kunde au yai moja, wapike pamoja na kila mama amlishe mwanawe mbele ya wenzake. Wanawauliza wale ambao ni maskini kama wao lakini watoto wao wana afya: nyie mnawapa nini, mnawalisha vipi? Walichokosa ni sufuria kubwa na mahali pa kupikia. Wakaja kwangu.

Ningekataaje? Nimetoa sufuria yetu kubwa na wanapikia hapa uani. Mwiko naushika mwenyewe, kwa sababu wale mabinti wanakoroga kama wanaogopa kuuamsha uji.

Shida ni mkeo. Anataka naye aketi mkekani na mume wangu mdogo, wapewe bakuli. Nimemwambia hapana. Nyumba iliyotoa sufuria haiwezi kupanga foleni kwenye sufuria hiyohiyo. Watu watasema baba mtu yuko mjini na mwanawe analishwa na wenzake. Mwandikie neno, wewe atakusikia.

Mama yako


Mjini, tarehe 17 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, mgongo nao upo, unanifuata kila ninakokwenda. Goti lako nalo lipe pole, liambie mwanao anakuja likizo akipata nauli.

Kazi ni ileile, kushusha magunia ya sukari asubuhi na kuyapakia jioni. Chumbani tuko watatu, wote wa ghala moja. Sukari inatufuata hadi kwenye shuka. Nadhani sisi ndio watu pekee mji mzima tunaoumwa na sisimizi kwa sababu ya utamu wetu. Magunia yakipasuka msimamizi anatuuzia kwa bei ya chini, ndiyo maana naweza kutuma kila dereva akielekea huko. Safari hii nimeongeza na biskuti.

Kuhusu mke wangu, nimesoma barua yako mara mbili. Nisomee haya mbele yake: mama watoto, msikilize mama. Wale wa bondeni wana shida, na ni jambo jema wanasaidiwa, lakini mimi nabeba gunia juu ya gunia ili mwanangu asiangalie mkono wa mtu. Akitaka uji, unga upo. Akitaka utamu, baba yake amelala juu yake.

Mbusu mumeo kwa niaba yangu. Mwambie asinipokonye mama.

Mwanao


Nyumbani, tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, mvua tu ndiyo imekuwa nyingi, uani ni tope hadi tumehamishia mafiga chini ya paa la ghala. Watoto wa bondeni wanaendelea vizuri. Kuna mmoja alikuja hawezi hata kukaza shingo yake, sasa anavuta mikufu ya watu. Nakuambia kweli, inafurahisha. Mama Vipimo anataka kila mtoto apimwe na mama asiye ndugu yake, ili mtu asidanganyike na penzi.

Biskuti zimefika. Mume wangu mdogo amenenepa, ungemwona. Mashavu yamejaa, miguu imejaa, vile viatu ulivyotuma mwaka jana havimwingii tena. Amekuwa mtulivu pia. Zamani alikuwa anapindua ndoo zote za maji, siku hizi namweka mahali asubuhi, mchana namkuta palepale. Hata nywele zimelainika na kuwa nyekundu nyekundu, nikamwambia mkeo labda huko kwao kuna mzungu wamemficha. Hakucheka. Mkeo siku hizi hacheki.

Mama Vipimo alitaka kumshika mguu. Nikamwambia awatazame wale waliokonda, huyu anaonekana kwa macho. Akaniambia, "Dada, unene nao una namna yake." Nikamjibu kwamba wenye wivu nao wana namna yao. Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa adabu tu.

Mama yako


Mjini, tarehe 27 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Poleni na mvua. Huku nako ghala linavuja, tumebeba gunia lilelile mara nne kulikimbiza kutoka kona hadi kona.

Nimefurahi kusikia mwanangu amenenepa. Niliwasomea wenzangu chumbani ile habari ya viatu. Mmoja wao, yule mtu mzima ambaye huwa hasemi sana, akaniuliza kama mtoto anacheza. Nikamwambia amekuwa mpole. Akaniuliza tena kama anakula kitu kingine zaidi ya uji. Halafu akageukia ukutani, na mimi usingizi ukaniruka.

Nijibu hilo tu, mama. Anacheza? Kama Mama Vipimo anataka kumshika mguu, mwache amshike, haitatupunguzia kitu. Nimempa dereva barua hii ingawa anasema daraja linatikisika na huenda asivuke wiki hii.

Mwanao


Nyumbani, tarehe 4 Mei

Mwanangu,

Salamu zitangulie, maana pasipo salamu barua inakuwa tangazo, na tangazo ulishalisikia kwenye simu ya jirani. Najua ulisafiri hadi darajani ukakuta maji yamelibeba, ukasimama ng'ambo ile tukiwa tunazika ng'ambo hii. Niliambiwa na watu waliokuona. Barua yako ya Machi imenifikia juzi, lori lilipoanza kuvuka tena. Umeniuliza kama anacheza. Alikuwa hachezi.

Nataka ujue ilivyokuwa, na uisikie kutoka kwangu.

Mkeo hakunitii. Asubuhi moja, nikiwa nimeinama juu ya sufuria, nilimwona ameketi mkekani katikati ya wenzake, mtoto mapajani. Hakuniangalia. Nilishika mwiko nikasema moyoni, tutaonana watu wakishaondoka. Mama Vipimo akampakata mtoto, akambonyeza juu ya mguu kwa kidole gumba, akakiacha kidogo, kisha akakiondoa. Shimo likabaki. Akabonyeza mguu wa pili, nalo likabaki. Nikasogea kuangalia, nikaona alama ya kidole imekaa kwenye ngozi ya mume wangu kama kwenye unga uliokandwa.

Walimfunga mgongoni kwa mkeo na tukaondoka hapohapo kwenda kituo cha afya. Muuguzi alisema ule si unene, ni maji. Mwili ukikosa vyakula vya kuujenga unajaa maji, na mtoto anakaa kimya kwa sababu hana nguvu ya kufanya lingine. Akaniuliza anakula nini. Nikamwambia uji wa muhogo, na sukari haikosi, baba yake anatuma. Nilijibu kwa majivuno, mwanangu. Nilidhani nimesema jambo zuri. Hakunicheka wala hakunigombeza, aliandika tu.

Walijitahidi. Homa ilikuwa imeshaingia kifuani. Alikaa nao siku chache, akanitambua, alfajiri akaondoka. Nimefiwa na mume mara ya pili, na huyu wa pili sijui nitamlia mpaka lini.

Mkeo yupo. Anafanya kazi zake. Haongei na mimi, na simlaumu.

Mama yako


Mjini, tarehe 12 Mei

Mama,

Nimepata barua yako.

Miezi yote hii watoto wa watu wanashiba uani kwetu, kwa sufuria yetu, na wa kwangu yuko ardhini. Wewe ndiye uliyekuwa unakoroga. Ulikuwa unawapakulia wengine na yeye amekaa hatua chache kutoka hapo. Nikifikiria hilo nashindwa hata kunyanyua gunia.

Sitaki kusikia tena habari ya hao wanawake. Sufuria irudishe ndani. Wakapikie kwingine.

Mimi


Nyumbani, tarehe 9 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Nakuuliza ingawa hukuniuliza. Mimi nipo.

Barua yako nilisomewa na mkeo, kwa sababu macho yangu siku hizi yanajaa maji kabla sijamaliza mstari. Alisoma yote bila kuruka neno, akaikunja, akanirudishia. Kila ulichoandika ni kweli. Nilikuwa nawapakulia wengine. Niliona ni heshima kutoa na ni aibu kupokea, nikampima mume wangu kwa heshima yangu mwenyewe. Lakini tulikosea wawili, mwanangu. Mkeo peke yake ndiye aliyeona, tukamnyamazisha, mimi kwa mdomo na wewe kwa kalamu. Sisemi hivi ili kupunguza langu. Langu silipunguzi.

Ila ulichoniagiza sitakifanya, na ni haki yako kujua kwa nini.

Baada ya msiba wale wanawake hawakuja. Waliona haya kuja kulisha watoto wao kwenye uwanja wetu. Nikakaa asubuhi baada ya asubuhi nikiitazama sufuria imefunikwa, na nikawa nasikia wale wa bondeni wameanza tena kulia njaa. Mwishowe niliwasha moto mwenyewe nikatuma watu wawaite. Walikuja wakinyata kama wezi. Nikawaambia wakae, kisha nikawaeleza wote: kwamba niliona miguu imevimba nikasema amenenepa, kwamba niliambiwa nikatukana. Mama Vipimo alinishika mkono tu, namshukuru kwa hilo.

Nikashika mwiko. Mkeo akaja akauchukua mkononi mwangu. Ndiyo mara ya kwanza kunisemesha tangu msiba. Akasema, "Mama, wewe nenda kaitazame miguu yao. Mimi nitakoroga."

Basi sasa hiyo ndiyo kazi yangu. Napita nyumba kwa nyumba na Mama Vipimo, yeye na utepe wake, mimi na kidole gumba. Goti linalalamika na mimi silisikilizi. Nikifika mahali wakaniambia, huyu wetu hana shida, bibi, ona alivyojaa, hapo ndipo naketi na kuomba nimshike.

Mtoto wa fundi baiskeli nilimkuta hivyo. Mama yake alikuwa amemvalisha vizuri, ananionyesha mashavu. Nilibonyeza, shimo likabaki. Yule mama akakasirika, akasema nimeleta mikosi ya nyumbani kwangu. Nilimwacha aseme mpaka akachoka, kwa kuwa maneno yale nayajua. Nikamwambia, "Wangu alikuwa hivi hivi, na mimi nilikuwa najivuna kama wewe. Nipe mtoto." Baba yake alitupeleka kituoni kwa baiskeli, mimi nyuma na mtoto kifuani, mama mtu anakimbia kando yetu.

Wiki iliyopita walirudi. Yale maji yametoka, mwanangu, na mtoto aliyebaki ni mwembamba mno, mbavu zote ziko nje. Mama yake alikuja uani analia, anadhani wamemharibia mtoto. Nilizipapasa zile mbavu moja moja, nikamwambia afute machozi, sasa ndiyo tumemwona mtoto wake alivyo. Mkeo akampakulia. Uji wa siku hiyo ulikuwa na maharage na yai, na alikula bakuli zima, akatafuta la pili. Nilifurahi mpaka nikaingiwa na aibu. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikalia, kwa kuwa hata mimi nilikuwa nazitaka mbavu za mume wangu. Ningempata amekonda hivyo ningejua la kufanya.

Nilipotoka walikuwa wananisubiri, kuna watoto wengine hawajatazamwa.

Hii sufuria haitarudi ndani nikiwa hai. Ukiona siwezi kusamehewa, sawa, ila usinikasirikie kwa barua. Daraja linapitika. Omba ruhusa uje unikasirikie uso kwa uso, utakaa mkekani pamoja na wengine, na mkeo atakupakulia.

Mama yako