Sauti Kwenye Kitufe cha Tatu

Dada yangu mdogo,

Kwa miaka arobaini nimekuficha jambo, na sasa pumzi zangu zinahesabika.

Wamefungua maonyesho ya muziki wangu. Wageni wanabonyeza vitufe na kugonga sufuria zenye maji, kama katika kazi iliyonipa jina. Jana mama mmoja alibonyeza kitufe cha tatu, ikatoka sauti yako. Nilidhani nilikwisha kuifuta kwenye kanda: "Kaka, nimemaliza kuutunga. Sikiliza, na ukicheka nakumwagia maji!"

Watu wakaangua kicheko.

"Mzee, huyo nani?" akauliza mwongoza wageni.

"Mpishi wetu," nikajibu.

Nisamehe. Muziki ule wa sufuria uliutunga wewe, jikoni kwa mama. Mimi nilirekodi tu, nikaandika jina langu.

Kaka yako