Poda Mbili za Mashavu

Awiti,

Omena iko kwenye sufuria ndogo. Baba yako asiongeze chumvi, hata akilalamika.

Asubuhi nilikunyang'anya ile poda yako ya mashavu uliyonunua Dagoretti Corner nikaitupa, nikasema takataka hiyo ndiyo inayokutoa vipele. Ukaenda kwenye mahojiano ya kazi Kilimani bila kuniaga. Ulipotoka niliiokota, nikaiweka kando ya ile niliyokupa Krismasi, nikavaa miwani nikasoma vyote vilivyochanganywa ndani. Zote mbili zina talki na maika ya kung'arisha. Rangi nyekundu ni ileile. Tofauti ni moja tu: yangu imetiwa manukato, yako haina. Na vipele vilianza Januari, baada ya zawadi yangu.

Kumbe umekuwa ukipaka zawadi yangu huku inakuwasha, ukanyamaza ili nisiumie.

~~Nitakununulia nyingine nzuri.~~ Hapana, hiyo nimefuta. Uso ni wako, chagua mwenyewe.

Yako nimeipangusa, iko karibu na kioo. Usipake chochote kwanza, ngozi ipoe. Yangu nimeitupa mimi mwenyewe, na sikulia sana.

Siku nyingine kitu changu kikikuchoma, niambie siku hiyohiyo.

Mamako