Funguo Nyeupe Tupu

Jumanne, 9 Septemba 2025

Itangazwe kwa wakazi wote wa Kipawa, na kwa marubani wanaopita juu ya bati letu: kuanzia jioni ya leo, kidole changu cha pete, mkono wa kushoto, kinajitegemea. Zamani kikiambiwa kibonyeze ufunguo wa kinanda kilikuwa kinamburuta na jirani yake. Leo kimeshuka peke yake. Nimepiga kelele. Mume wangu Benson katoka chumbani mbio, anauliza nyoka yuko wapi.

Mwalimu ni mie, mwanafunzi ni binti yetu Tusajigwe, darasa la nne. Tofauti yetu ni somo moja. Mchana nikitoka kazini ghalani nachomeka spika za masikioni, namfuata kijana mmoja wa YouTube. Jioni namfundisha Tusa nilichojifunza mchana, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa nacho. Benson anasema nyumba hii ina wanafunzi wawili na mwalimu hakuna. Aseme tu.

Alhamisi, 11 Septemba

Tusa kauliza funguo nyeusi ni za nini. Nikamwambia tutazifikia. (Kijana wa YouTube mwenyewe hajazifikia.)

Ndege ikipita Tusa anainua mikono, anangoja, inaisha, anaendelea palepale alipoachia. Mie nikiachia natafuta upya kama niliyepoteza hereni.

Bi Thuraya wa dukani, ambaye tunatumia naye ukuta mmoja, kaniuliza kwa upole kama huo wimbo una mwisho, maana kila siku unafia sehemu ileile. Nikamwambia ndio kwanza tunaujenga. Akasema basi tukumbuke na paa.

Jumapili, 14 Septemba

Makubwa! Baada ya ibada Mwalimu Projestus wa kwaya katangaza: Sikukuu ya Mikaeli na Watoto ni tarehe 28, ibada nzima wanaongoza watoto, na anataka mtoto wa kupiga kinanda. Halafu mkono ukapanda — wa Tusa! Tusa wangu!

Mwaka jana sikukuu hiyohiyo alipewa mstari mmoja wa kusoma. Akasimama mbele ya usharika, akalia mpaka akaja kuchukuliwa. Tangu hapo kanisani anakaaga nyuma ya bega langu, kama anajificha mvua. Leo kanyoosha mkono mwenyewe, hakunitazama hata mie. Nimeshindwa kufunga mdomo mpaka nyumbani.

Jumatano, 17 Septemba

Balaa. Wimbo umekuja. Juu Mwalimu kaandika: Doh ni E-flati. Sie tunajua kuanzia C tu, funguo nyeupe tupu. Huko E-flati ukigeuka kulia nyeusi, ukigeuka kushoto nyeusi.

Nikamfuata, shikamoo mbili badala ya moja, kumwomba wimbo uhamie C. Akanielewesha taratibu kwamba vijana wa tarumbeta wameuzoea hapohapo. Ukiwahamisha, hawarudi.

Tusa kalala na karatasi ya wimbo chini ya mto.

Jumamosi, 20 Septemba

NIMEKIPATA!

Nilikuwa napangusa vumbi tu. Upande wa kulia kuna kitufe kimeandikwa TRANSPOSE, miezi yote nilidhani ni jina la kiwanda. Ukikibonyeza mara tatu kinanda chote kinapanda. Unapiga C, kinalia E-flati! Vidole vilevile, funguo nyeupe zilezile! Tumecheza sebuleni mimi na Tusa, Benson anashikilia glasi zisianguke.

"Kwa hiyo zile nyeusi hatuzihitaji tena, Mama?"

Nikamjibu teknolojia imekwenda mbele.

Ijumaa, 26 Septemba

Mazoezi ya mwisho. Kinanda cha usharika kiko kwa fundi, kwa hiyo chetu kikaenda na bajaji, kimefungwa khanga kama mzazi. Tusa akabonyeza kitufe, tatu, haraka, hakuna aliyeona. Akapiga. Mikono miwili! Wangu wa kushoto mpaka leo unaomba ruhusa. Tarumbeta zikamwingilia kwa kishindo, hakuyumba.

Mwalimu Projestus kanivuta pembeni. "Mtoto wa umri huu anayepiga E-flati, mie sijampata tangu nianze kazi hii." Akauliza nani kamfundisha. Nikatazama viatu vyangu kwa unyenyekevu.

Kasema Jumapili tusijisumbue kubeba kinanda. Maana yake kile cha usharika kimepona. Nacho kina kitufe, nilikikagua Jumapili iliyopita kabla hakijaenda kwa fundi.

Bi Thuraya leo anapima mchele huku anauimba wimbo wetu puani. Kaufikisha mpaka mwisho. Paa limekaa!

Jumapili, 28 Septemba, kanisani

Naandika nyuma ya ratiba ya ibada, nitaibandika humu. Nisipoandika nitatafuna leso.

Gauni jeupe. Hajalia. Kakaa mbele na wenzake, sio nyuma ya bega langu.

Mbele kuna kitu kikubwa kimefunikwa shuka la kijani. Mchungaji anasema ni zawadi ya marafiki wa usharika, imekaa bandarini muda mrefu, na Mwalimu aliombwa aifanye siri. Shuka linavutwa — vigelegele! Piano! Ya mbao, nyeusi, inang'aa mpaka vijana wanajitazama na tarumbeta zao. Benson anapiga makofi kuliko wote.

Mwalimu anasema wa kwanza kuigusa atakuwa Tusajigwe, yule mtoto wa E-flati. Anakwenda! Anatembea kama mwenye kanisa. Kakaa. Mkono wa kulia unakwenda pembeni, palepale pa siku zote. Unapapasa. Unapapasa tena.

Tarumbeta zimeshapanda midomoni. Tusa kageuka, ananitafuta. Hajalia. Nimesimama, watu wa nyuma wananigunia. Nimeikagua kwa macho mbele, juu, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto.

Haina hata waya wa umeme.