Jembe Nililoomba kwa Bwana Armand

Dada Naomi,

Kabla hujasoma mstari wa pili, tafadhali ingia chumbani kwako ufunge mlango. Nakuomba kwa heshima ya baba yetu aliyelala Kinampanda, neno lolote lililomo humu lisitoke kinywani mwako. Shemeji peke yake unaweza kumwambia, na ndiyo maana barua hii nimeipitishia kwenye sanduku la posta la shule yake. Lile la ofisini tulilozoea kulitumia, ufunguo wake anao Mzee Kitundu. Mama usimwambie kabisa. Nampenda, lakini akilijua jambo hili ataliombea kanisani kwa sauti, na wewe unajua nani anakaa benchi la mbele la wazee wa usharika.

Sasa shikamoo, dada. Kifua cha mama kinaendeleaje? Je, mvua zimeshika huko Unyambwa, au ni zile za kulowesha vumbi tu? Mimi nina afya, isipokuwa vidole vimepasuka kwa baridi, na ukiona mwandiko wangu umepinda usidhani ni mtu mwingine aliyeandika.

Najua Mzee Kitundu amewatangazia kwamba nimebaki Ufaransa kwa mafunzo. Hakuna mafunzo, dada. Nimeachwa hapa, na pasipoti yangu anayo yeye.

Nitakueleza tangu mwanzo, maana wewe ndiye uliyenishonea suruali ya safari na unastahili kujua ilikofikia. Unakumbuka nilivyokaa nyumbani baada ya chama cha ushirika kupunguza makarani. Biashara za watu binafsi ziliporuhusiwa, Mzee Kitundu akapanda zabibu kule Manyoni, akaniita. "Kijana, wewe si ulisoma Kifaransa chuoni? Sasa kitakulisha." Alitaka mashine kuukuu ya kukamulia zabibu, na mwenye kuiuza alikuwa huyu Bwana Armand, mkulima wa mizabibu, kijijini kwake mbali na mji. Tulipotua uwanja wa ndege Mzee akanyoosha mkono. "Lete hiyo pasipoti nikutunzie. Vijana mnapoteza vitu." Nikampa kwa mikono miwili. Ungefanya vinginevyo, dada? Mtu aliyekutoa kijiweni, na umri wa baba yako?

Bwana Armand alitupokea vizuri. Chumba, shuka safi, nyama. Siku ya kwanza tulikula, siku ya pili tulikula. Siku ya tatu nikaona aibu. Unajua sisi tulivyolelewa: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mgeni mwenye adabu hangoji kupewa. Asubuhi nikamwendea shambani, nikamwomba jembe. Akanitazama kama mtu aliyeombwa ngoma. Baadaye akacheka, akanipa, nikaingia kwenye mistari ya mizabibu nikapalilia na kuinulia udongo mashina, kama tunavyofanya matuta ya viazi. Nilitaka kuonyesha shukrani tu, saa moja au mbili, halafu mwenyeji aseme inatosha, kaka, njoo unywe chai. Kwetu mwenyeji husema hivyo. Bwana Armand hakusema. Alisimama mwisho wa mstari, mikono mfukoni, akiangalia ninavyolima.

Jioni ile, mezani, wakaanza kupatana kuhusu mashine, na mimi katikati nikitafsiri. Mzee alikuwa amekwama kwenye bei. Bwana Armand akaniambia, "Mwambie tajiri wako kwamba kijana wake ana mikono mizuri. Aniachie mpaka tumalize kupogoa mizabibu, nami nitaipokea ile bei yake."

Kijana mwenyewe ni mimi, dada. Nikatafsiri.

Mzee akauliza, "Kupogoa kunakwisha lini?"

Nikatafsiri. Akajibu: kabla machipukizi hayajatoka. Nikarudisha jibu.

"Mwambie sawa," alisema Mzee. "Mwambie kijana ni mtiifu, hana matata."

Hata hilo nikalitafsiri. Nakumbuka nilitafuta neno zuri la "mtiifu" na nikalipata. Ningeweza kumwambia Mzee kwamba mwenzake amekataa, na kumwambia mwenzake kwamba Mzee amekasirika. Hata mmoja wao asingejua. Lakini tulifundishwa kwamba mkalimani hana neno lake mwenyewe, na mimi nimekuwa mwanafunzi mzuri siku zote.

Asubuhi Mzee alipokuwa anaingia garini nikamfuata. "Mzee, pasipoti yangu?"

"Ipo salama kuliko ingekuwa kwako."

"Tiketi ya kurudi imo humo ndani."

"Ndiyo maana nakwambia ipo salama." Akanipiga kofi dogo begani, lile la mtu anayemuaga ng'ombe aliyekwisha kumuuza mnadani. Gari likaondoka.

Nisimsingizie Bwana Armand. Hanipigi, hanitukani, nakula anachokula. Nilipomwambia nataka kurudi nyumbani alionekana kushangaa kweli. "Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyeomba jembe," alisema. "Mengine ni kati yangu na tajiri wako."

Jumapili mchana hufunga nyumba akalala, nami naachwa nizurure. Mwanzoni nilitembea kwa miguu. Nilijiambia, Yona, umefika mahali ambapo watu wa kwenu hawajafika, angalau upaone. Na ni pazuri, dada, siwezi kukuficha. Vilima laini, kuta za mawe zisizo na udongo katikati, nyumba zenye madirisha ya mbao yaliyopakwa bluu. Kila kijiji kina mnara wa kanisa na bomba la maji ambalo halikauki, na hakuna mtu aliyepanga ndoo. Lakini kila kilima kimepigwa mistari ya mizabibu mpaka juu, na kila mzabibu umefungwa kwenye waya, mikono imenyooshwa pembeni. Nikitembea katikati yake muda mrefu huanza kuona watu. Na kila njia niliyoifuata ilizunguka kilima ikanirudisha ulipo mnara wa kijiji chetu. Nikaelewa kwamba kwa miguu siwezi kufika popote na kurudi kabla Bwana Armand hajaamka.

Baiskeli niliipata hivi. Kulikuwa na moja kuukuu ghalani, nikaruhusiwa kuichukua. Jumapili moja nikafika kijiji cha jirani, na mbele ya nyumba alikuwa amekaa mama mzee anamenya maharage. Sikuweza kumpita mtu wa umri ule nikiwa juu ya baiskeli. Nikashuka, nikaishika usukani, nikamwamkia. Yule mama akainuka haraka akaingia ndani, nikadhani nimemtisha. Akatoka na pampu na kiraka.

"Gurudumu lipi?" akauliza.

"Hakuna lililopasuka, mama."

"Sasa umeshukia nini?"

"Kukusalimia."

Akaangalia barabara upande huu na upande ule, kama anatafuta wenzangu waliojificha wanaocheka. Halafu akaketi. "Nimeishi hapa tangu nizaliwe," alisema. "Hata mkwe wangu hapunguzi mwendo."

Huyo ndiye Mama Odette, mjane. Tangu siku hiyo kila Jumapili napita, nashuka, namwamkia, ananipa supu. Baiskeli ya ghalani ilipokatika mnyororo akaniazima ya marehemu mume wake. Ina breki, dada. Nilimweleza jinsi tulivyokuwa tunateremka mlima wa Sekenke na baiskeli ya baba tukiisimamisha kwa soli ya kandambili, akacheka mpaka akajifuta machozi.

Yeye ndiye aliyenionyesha nchi. Amenipeleka kwenye ghala la chini ya ardhi la ndugu yake, kwenye mapipa makubwa kama vihenge. Wageni wanakuja na magari kuonja mvinyo, wanauzungusha mdomoni, halafu wanautema kwenye ndoo. Nilimwambia kwamba mimi wa kanisa letu sinywi. "Vizuri," alisema, "hawa nao hawanywi, na bado wanalipa." Naomba ukimsimulia mama lolote kuhusu huku, msimulie hilo tu.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike leo, maana nilikuwa nimeamua kuvumilia mpaka kupogoa kuishe.

Jumapili iliyopita niliendesha mbali kuliko siku zote, nikitafuta kituo cha treni. Nilikiona kwa chini bondeni, reli mbili zinang'aa, nikasimama pale juu nikakumbuka stesheni ya Manyoni na nikaona hamu ya kulia. Nikiwa narudi, gari la askari likaja mbele yangu taratibu. Ndani kulikuwa na askari wawili, mmoja mtu mzima mwenye mvi. Na mimi, dada, kwa mazoea, nikashuka kwenye baiskeli nikamwamkia.

Wakasimama. Hapa mtu anayeshuka akiona askari ana sababu. Wakaniuliza natoka wapi, nakaa wapi, karatasi zangu ziko wapi. Nikasema zipo kwa Bwana Armand. Yule mwenye mvi akasema kwa upole kabisa, "Kijana, tutapita kwake tuzione." Hakusema lini.

Tangu siku hiyo kila gari likipunguza mwendo kijijini mkasi wa kupogolea unaniponyoka. Viza yangu nayo imebakiza muda mfupi. Nikikutwa sina karatasi, Bwana Armand atasema hanijui vizuri, na Mzee Kitundu atasema nilitoroka. Utaniuliza kwa nini nisiende ubalozini. Ubalozi uko Paris, nauli sina, na barua ya mwaliko inasema mimi ni mfanyakazi wa Mzee Kitundu. Watampigia simu yeye kwanza. Nikiwa na pasipoti na tiketi mkononi, simhitaji mtu. Mama Odette ameahidi mkwe wake atanifikisha kituoni na kunikatia tiketi ya treni.

Kwa hiyo nakuomba hivi, na naandika nikijua uzito wake. Wewe humshonea Mama Kitundu magauni. Mwendee siku ambayo mzee yuko Manyoni shambani, umpime gauni, na mkiwa wawili tu mweleze yote. Usichukue kitu chochote kwa siri, sitaki uitwe mwizi kwa ajili yangu. Mweleze tu kama ulivyosoma. Naye alizaa wavulana. Siku tunaondoka ndiye aliyenifunga kitufe cha koti akamwambia Mzee, "Mrudishe mtoto wa watu." Akikubali, anajua mzee anapoweka karatasi zake. Akikataa, ondoka kwa amani, usigombane, kisha uniandikie hivyo hivyo ilivyo.

Msalimie shemeji, mwambie ile kamusi aliyonipa imenifaa kuliko yeye alivyodhani. Msalimie mama kwa namna utakayoiona inafaa, na bibi, na mama mdogo wa Misigiri, uwaambie nashiba. Mpwa wangu mwambie mjomba anaendesha baiskeli yenye breki.

Jibu usilipeleke kwa jina langu. Anwani ya Mama Odette nimeiandika nyuma ya karatasi hii kwa herufi kubwa. Shemeji ainakili yeye, maana Mzee Kitundu anaujua mwandiko wako kwenye risiti za ushonaji. Pasipoti ikipatikana, itume kwa rejesta, na tiketi ibaki humo ndani kama nilivyoikunja. Siwezi kuipokea posta mwenyewe, kwa kuwa hata posta wanataka uonyeshe kitambulisho. Mama Odette ataisaini. Tumekubaliana kwamba bahasha ikifika atafungua dirisha lake la upande wa barabarani, hata kama kuna baridi, nami nitaliona tangu kwenye kona. Likiwa limefungwa, nitashuka hivyo hivyo, nitamwamkia, halafu nitapanda baiskeli nirudi kwa Bwana Armand.

Mdogo wako,
Yona