Kurasa Mia na Arobaini kwa Jina Langu

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana kila anayenipa mkono wa hongera ananichoma. Mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta, ofisi yetu inatengeneza programu za stoo za dawa hospitalini, na si kujisifu lakini kazi naijua. Miezi mitatu iliyopita mkuu wetu aliniagiza niunganishe wasaidizi wetu wa akili bandia, wale wanaotusaidia kuandika programu, na seva ya maarifa iliyoko makao makuu, ili msaidizi akikwama asome huko maelezo ya kazi zilizopita badala ya kubuni majibu, na ukimwamuru aandike maelezo mapya ayahifadhi hukohuko. Nikaunganisha kwa siku moja, ila kwa haraka zangu nikaweka ufunguo wangu wa siri ndani ya faili la mipangilio, nikasema hili ni la kujaribia tu, nitalibadilisha, kumbe wenzangu wote wakalinakili lilivyo na mimi nikasahau, kwa hiyo chochote anachoandika yeyote kinaingia kwa jina langu.

Sasa wenzangu ni wasomaji tu. Anayeandika ni shemeji yangu, binti, mdogo wake mke wangu, niliyemwombea kazi mimi mwenyewe. Mpole, hana makuu, kila akitatua tatizo anamwamuru msaidizi wake ahifadhi ukurasa wa maelezo, na majina ya waandishi hayaonekani ila kwenye ripoti ya mkuu. Jumatatu mkuu akaniita, akanishika bega, akasema, "Kurasa mia na arobaini, peke yako! Ijumaa nakutangaza kiongozi wa kitengo. Ila huyo shemeji yako hata ukurasa mmoja hana. Mkataba wake wa majaribio ukiisha Ijumaa, simwongezei." Nami, mshauri, mdomo ukanisaliti, nikasema, "Asante, mkuu." Nje nikamkuta shemeji anacheka, "Hongera shemeji, nasikia unapanda! Na mimi niombee basi." Mke wangu ameshampigia mama mkwe simu kumtangazia cheo changu. Najiambia bila muunganisho wangu kurasa zile zisingekuwepo, kwa hiyo nina haki kidogo. Je, nakosea?

Mwenye Ufunguo

Mwenye Ufunguo,

Unakosea, tena unajua, ndiyo maana umeandika. Kwa lile faili nakuonea huruma: haraka haraka haina baraka, na wewe si wa kwanza kusema "nitalibadilisha" ukasahau. Huo ni uzembe, na uzembe husameheka. Lakini mkuu alipokuvisha kilemba cha ukoka ukasema asante, hapo ulikula jasho la mwenzio, tena mwenzio anayekuita shemeji. Na hiyo hoja ya muunganisho iache kabisa. Aliyeleta meza hawezi kudai barua iliyoandikwa juu yake.

Sasa sikiliza, bwana. Nenda kwa mkuu leo asubuhi. Usianze na cheo chako, anza na mkataba wa binti wa watu. Mwambie makao makuu wakague kumbukumbu za seva, waone kila ukurasa ulitumwa kutoka kompyuta ipi, kisha ufute ufunguo wako mbele yake, kila mtu apewe wake, na majina yarekebishwe hata ikichukua wiki nzima. Ukitoka hapo mwite shemeji yako, umweleze kwa mdomo wako mwenyewe, asiyasikie koridoni. Mkeo naye umwambie, atanuna, atapoa. Cheo kikienda, kiende. Ungekaa kwenye kiti hicho, mtu akuulize ukurasa wa themanini unasema nini, ungejibu nini? Muunganisho ni kazi yako halali, nzuri, na watakuheshimu kwa huo.

Barua yako nimeipandisha juu ya foleni kwa sababu gazeti hili linatoka Alhamisi, na mkataba unaisha kesho. Mkuu wako huenda analifungua sasa hivi akinywa chai, na shemeji yako naye anajua kusoma. Watangulie.